Hamsta Aliyeogeshwa Joshoni

Manyoya yalianza kumtoka mgongoni, karibu na kile kimkia chake kifupi kisicho na kazi. Kwanza kilikuwa kidoa cha ukubwa wa punje ya mahindi. Baada ya wiki kadhaa kikawa kama sarafu, halafu kikashuka ubavuni. Ngozi chini yake ilikuwa nyekundu yenye unga mweupe juu, kama goti la mtoto aliyeshinda mchangani, na alikuwa anajikuna kwa mguu wa nyuma mpaka tundu lote linatikisika.

Sikumtafuta mimi huyo hamsta. Nilikuwa nafua nguo kwa mume na mke wageni pale Kitaji, mjini Musoma, na kazi yao ilipokatishwa ghafla wakaanza kugawa vitu. Mlinzi alipata baiskeli. Mpishi alipata jiko la gesi na mtungi wake. Mimi nilikuwa nimeliangalia friji miezi minane, nikijua kabisa litakuwa langu, na siku ya mwisho yule mama akaja machozi yanamtoka, akaniwekea mikononi tundu la waya lenye mnyama wa jamii ya panya, asiyetosha kiganja. Alisema ndege haimpokei. Alisema anakula mbegu. Alisema mimi ndiye mtu pekee pale nyumbani aliyewahi kuuliza mnyama huyo anawaza nini.

Ni kweli niliuliza. Mimi huuliza kila kitu, ndiyo maana shule ilinishinda kidato cha pili, na ndiyo maana sijawahi kukaa mahali nikamaliza mwaka. Nimevuna mahindi Bugwema, nimeanika dagaa, nimepikia mafundi wa barabara Bunda. Kila nilipohamia nilibeba begi moja. Sasa nikawa na begi na tundu.

Nilikuwa nimepanga chumba Kigera. Mama mwenye nyumba alipomwona mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini.

"We mwanamke una akili kweli? Mimi panya wangu nawawekea sumu, wewe wako unawanunulia alizeti!"

"Siyo panya, mama. Ni hamsta."

"Amejitambulisha?"

Alicheka siku hiyo. Hakucheka manyoya yalipoanza kutoka. Alisimama mlangoni kwangu, kitambaa cha kichwa amekishika puani, akasema hayo ni mapunye, na ana wajukuu wawili humo ndani wenye vichwa. Nilimwambia mapunye ni ya duara na hii haina duara. Akaniuliza nimesomea wapi. Hapo hapo akanipa mpaka Jumapili: mnyama atoke, au tutoke wote.

Basi nikaanza kuzunguka. Nataka niseme wazi kwamba nilizunguka, kwa sababu baadaye watu walisema sikujali. Duka la dawa za binadamu walinipa dawa ya kupaka ya mapunye. Nikampaka, akailamba yote, akakaa siku nzima bila kula. Nikaenda ofisi ya mifugo. Yule bwana aliyekuwa mezani alifunua kitambaa nilichofunika tundu, akaangalia, akawaita wenzake. Walikuja watatu.

"Huyu mfugo ana hereni?" aliuliza mmoja. Hereni anayoisema ni ile ya plastiki wanayotoboa ng'ombe sikioni ili watambulike.

"Hana."

"Basi hayupo kisheria." Wakacheka.

"Nataka kujua anaumwa nini," nilisema.

"Dada, mpe paka. Atapona kila kitu."

Nilifunika tundu, nikatoka. Nimetukanwa na watu wengi katika maisha ya kuzurura, na matusi mengi niliyaacha pale pale nilipoyasikia. Haya nilitembea nayo. Mtu amesomeshwa, amepewa meza, amepewa vitabu vya magonjwa ya wanyama ambavyo mimi ningevisoma bila kulala, na anachoweza kukuambia ni mpe paka.

Jumapili ilipofika nilikuwa Butiama kwa dada yangu.

Dada yangu ameolewa na mtu wa ng'ombe. Shemeji yangu huyo ni mmoja wa wanaosimamia josho la kijiji, lile birika refu la saruji lenye maji ya dawa ambamo ng'ombe huogeshwa kuua kupe. Siku ya josho yeye ndiye anayekaa kwenye geti. Anaweza kuona ng'ombe mia wanapita akakuambia yule wa tano kutoka mwisho ana kidonda nyuma ya sikio. Watu humwamini, na yeye hujiamini kuliko wanavyomwamini.

Jioni ile aliomba amwone mnyama. Hakucheka, nakiri hilo. Alimtoa kwenye tundu kwa vidole viwili, akampuliza manyoya kinyume, akaangalia ngozi, akanusa.

"Ukurutu," alisema. "Hapa pana vidudu. Manyoya hayatoki bure, shemeji."

"Vidudu gani?"

"Vya ngozi. Unavijua wewe vina majina?"

"Ndiyo nachotaka kujua. Kuna mama mmoja Bunda ana duka la dawa za mifugo, wanasema hata mbwa na paka anawatibu. Jumatano naenda kumwona."

"Jumatano ni josho," alisema, na akamrudisha mnyama ndani ya tundu kwa upole. Nilidhani ananiambia ratiba yake.

Jumatano asubuhi niliondoka peke yangu. Jua la barabarani lingemuua yule mnyama kabla hatujafika, hivyo nilimwacha jikoni kwa dada, mahali penye kivuli. Nikasema, tena mara mbili, msimguse. Dada alikuwa anachekecha unga. Akasema nani ana muda wa kumgusa.

Yule mama wa Bunda alikuwa mfupi, amevaa koti la bluu lenye madoa, na hakuwa na adabu za dukani. Nilimweleza kila kitu: kidoa, ukurutu, dawa ya mapunye, kujikuna. Alinisikiliza huku anahesabu chupa. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Analala kwenye nini?"

"Maranda."

"Ya mbao gani?"

Nikasema yanatoka kwa fundi seremala karibu na nilipokuwa nimepanga. Mke wa yule mgeni alikuwa anamlaza kwenye vipande vya karatasi alivyovinunua tayari kwenye mfuko. Mfuko ulipoisha nikaona ujinga kununua takataka, nikaenda kwa fundi, akaniruhusu nijaze gunia. Maranda mazuri, laini, yananukia. Nilikuja nalo hilo gunia mpaka Butiama.

"Rangi yake?"

"Mengine yana ukijani."

Aliweka chupa chini. "Ukijani ni dawa ya mchwa, dada. Hizo ni mbao za kuezekea, zimelowekwa dawa. Umemlaza kwenye sumu miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Na unakuja kuniuliza kwa nini anajikuna."

Ningeweza kumpiga. Nilimwangalia yule mama na koti lake na nikamchukia kwa sababu alikuwa ameniambia jambo nililolitafuta mji mzima. Aliendelea kusema kama vile sipo. Nitoe maranda yote, nioshe tundu, niweke karatasi nyeupe isiyo na wino. Mbegu peke yake hazitoshi, nimpe kipande kidogo cha yai la kuchemsha na dagaa mmoja mmoja asiye na chumvi. Nisimpake kitu. Wiki tatu zikipita bila nafuu, hapo ndipo tutafute vidudu.

"Na maji yasimguse," alisema. "Hawa hawaogeshwi. Akilowa anapata baridi anakufa, hata kama maji ni safi."

Aliposema kuogeshwa ndipo nilipomsikia shemeji yangu upya. Jumatano ni josho.

Nilipiga simu pale pale kaunta. Dada alipokea akiwa na kitu mdomoni.

"Hamsta yuko wapi?"

"Ameshatoka na shemeji yako. Amesema atamwogesha mwishoni, ng'ombe wakiisha, asije akakanyagwa."

"Dada, mwambie asimwogeshe! Tuma mtu!"

"Nimtume nani, watoto wapo shule. Simu yake iko hapa inachajiwa. Kwani kuna nini, si dawa tu?"

Kutoka Bunda mpaka Butiama nilitumia hela yote niliyokuwa nayo, gari mpaka njia panda na pikipiki kutoka hapo, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia shemeji. Niliyapanga makali. Katikati ya maneno hayo likawa linajitokeza gunia la maranda, nikawa nalisukuma pembeni. Kijana wa pikipiki aliniuliza kama nimefiwa. Nilimwambia bado.

Ng'ombe walikuwa wameisha. Josho lilikuwa na wanaume wapatao kumi, wamesimama wanaongea, maji ya birika yamekuwa kahawia kwa mavi. Shemeji alikuwa ameshika kofia yake mikononi kama mtu anayeomba. Ndani ya kofia alikuwa hamsta.

Alikuwa amelowa mpaka akawa mdogo kama kidole gumba. Macho yamefumba. Pale palipokuwa hapana manyoya ngozi ilikuwa imekuwa ya samawati.

"Tumemaliza," shemeji alisema, amefurahi. "Nilitumia chujio la chai la dada yako. Chini, juu, mara tatu."

"Na kichwa?"

"Kichwa ndiyo josho lenyewe, shemeji. Ng'ombe asiyezama kichwa hajaogeshwa. Kupe wanakimbilia masikioni. Nilimsukuma na kidole."

Naijua hiyo sheria. Nimekua nayo. Watoto wote wa kwetu tumesimama kwenye ukingo wa josho na fimbo ndefu, kazi yetu ikiwa kuhakikisha kila ndama anayejaribu kuogelea ameinua pua anasukumwa mpaka azame. Mwenye ng'ombe hakai chini mpaka aone kichwa kimezama. Shemeji hakumfanyia hamsta wangu dharau hata kidogo. Alimpa heshima yote anayompa fahali wake, na mimi nilisimama mbele ya wanaume kumi nikamwita mjinga. Nikamwita muuaji. Nikasema mkono wake haufai kushika hata kuku. Nikasema dada yangu aliolewa na fimbo ya kuchungia.

Hakuna aliyecheka. Kwetu mtu hamwambii shemeji maneno ya namna ile, achilia mbali mbele ya wanaume wenzake. Mmoja alisema taratibu, "Kwa panya?" Nikachukua kofia yenye mnyama na nikaondoka nayo.

Jikoni nilimmwagia maji ya vuguvugu kutoa ile dawa, huku nasikia sauti ya yule mama wa Bunda ikisema maji yasimguse. Sikuwa na njia nyingine. Nikamkausha kwa khanga, nikamweka kifuani ndani ya nguo, nikakaa karibu na mafiga mpaka jasho likanitiririka. Dada alisimama mlangoni.

"Unamtukana mume wangu kwenye josho."

"Amemzamisha kichwa, dada."

"Ulikuwa unataka amsaidie nusu? Mtu amekusaidia." Alikuwa analia kwa hasira. "Umekuja hapa na begi, kesho utaondoka na begi, mimi nitabaki na hao wanaume wa josho maisha yangu yote."

Chini ya khanga nilihisi kitu kinatetemeka, nikafikiri ni mimi. Alikuwa yeye.

Alipona ile baridi. Siku mbili alilala upande mmoja, ya tatu akala yai. Dada hakunisemesha, lakini yai hilo aliliacha yeye juu ya meza. Gunia la maranda nililibeba usiku huo huo wa Jumatano, nikalichimbia shimo nyuma ya migomba, mbali na kuku, na sikumwambia mtu kwa nini. Tundu nikalisugua kwa sabuni, nikamchania karatasi nyeupe zilizobaki katikati ya madaftari ya zamani ya watoto. Wiki ya tatu nilimpuliza manyoya kama shemeji alivyofanya, na pale kwenye ngozi palikuwa na ukungu wa kijivu, laini, kama manyoya ya kifaranga siku ya kwanza.

Shemeji naye aliuona. Hakuwa ameongea na mimi tangu siku ile. Alikuwa akipita nilipo anakohoa. Siku hiyo alisimama, akaangalia muda mrefu, akatoka. Baada ya dakika kumi akarudi na jirani. Jirani akaenda akarudi na mke wake.

"Siku ileile yalianza kuota," alisema shemeji. Si kweli. "Josho halichagui mnyama. Nilitukanwa, lakini angalieni."

Wakaangalia. Wakanigeukia mimi, wakanipa nafasi ya kuomba radhi, na nikanyamaza. Hiyo ndiyo hasira ambayo sijui niifanyie nini hata leo. Ningefungua mdomo kusema josho halikumponya, wangeuliza ni nini basi kilimponya. Ningesema ni kuondolewa maranda. Wangeuliza nani alimwekea maranda. Kwa hiyo nilisimama kama nguzo, nikawaacha wamsifu mtu kwa kitu kilichokaribia kumuua mnyama, kwa sababu nilitaka wasijue kwamba mimi nilikuwa namuua polepole zaidi.

Habari ilitembea. Siku za soko shemeji aliulizwa, akaeleza, na kila alivyoeleza ile sehemu ya chujio ilikuwa ndefu zaidi. Mzee mmoja alileta mbwa. Mbwa alitapika siku nzima, akaishi, na hilo nalo likawa ushahidi. Mimi nilikuwa nasema moyoni, mbwa ni mkubwa, hainihusu.

Kisha Jumatano moja nikawa nampelekea shemeji uji kule joshoni, maana dada alikuwa bado ananituma kazi za adhabu, nikakuta mama mmoja jirani amesimama kwenye geti na boksi. Ni mama anayefuga sungura, ndiyo ada za shule za watoto wake. Ndani ya boksi walikuwa sungura sita, magaga meupe yamejaa masikioni mpaka masikio yameanguka. Alikuwa amekuja na chujio lake mwenyewe. Jipya, bado lina karatasi ya bei.

"Nasubiri ng'ombe waishe," aliniambia. "Kama yule wako."

Nikaweka uji chini.

"Mama, usiwatie humo. Watakufa."

"Wako alikufa?"

"Hakuponywa na josho. Alikuwa ameungua ngozi kwa dawa ya mchwa, ilikuwa kwenye maranda aliyolalia. Nilimwekea mimi. Nilipotoa maranda ndipo alipopona. Josho lilikuwa limuue, kidogo tu."

Nilisema kwa sauti, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanalia. Shemeji alisikia kila neno. Aliacha geti, na ng'ombe watatu wakapita bila kuhesabiwa.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo sumu ulimwekea wewe," alisema polepole, "halafu muuaji nikawa mimi. Mbele ya watu hawa hawa."

"Ndiyo."

"Na umekaa kwangu mwezi mzima unakula, unajua."

"Ndiyo, shemeji. Na wewe ulimzamisha kichwa mnyama asiye na kupe hata mmoja, na ungewazamisha hawa sita."

Mwanaume mmoja alifukuza nzi ambaye sikumwona. Nilikuwa natetemeka, na safari hii nilijua ni mimi.

Aliyeongea ni mwenye sungura. Alikuwa amenikasirikia kuliko shemeji.

"Haya, umesema," aliniambia. "Josho siyo dawa. Maranda mimi sina, wangu wanalala kwenye majani. Sasa dawa ni ipi?"

"Sijui, mama. Masikio ni ugonjwa mwingine. Yupo mtu Bunda anaweza kujua."

"Bunda. Nina nauli ya Bunda mimi? Nimewaacha watoto wanne shambani. Mtu huna dawa, unasimama getini unazuia wenzako, halafu unasema sijui." Alifunika boksi kwa nguvu. "Wachukue basi. Wachukue wewe unayejua kuuliza."

Alidhani nitakataa. Na mimi nilitaka kukataa, maana hasira yake haikunistahili, au ilinistahili, sikuwa na nafasi ya kupima. Alilisukuma boksi kifuani kwangu, chujio likiwa juu, akaondoka bila kugeuka nyuma. Shemeji alirudi kwenye geti lake akaanza kuhesabu tangu mwanzo, kwa sauti, ili nisikie kwamba amenimaliza.

Asubuhi yake nilikuwa njiani kwenda Bunda, sungura sita mapajani, mmoja anajikuna sikio kwa nguvu kiasi kwamba boksi linanigonga magoti. Nilikuwa na hasira na shemeji, na yule mama, na watu wa ofisi ya mifugo, na mimi mwenyewe zaidi ya wote. Nauli nilikuwa nimeikopa kwa dada. Alinipa bila neno, akaniambia tu nisisahau kuuliza wanatakiwa kula nini.